Kurudi kuwa kocha msaidizi si kushushwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa klabu zetu za Pemba, na zaidi niseme na makocha wenyewe.

Nimecheza beki wa kati hapa Wete tangu ligi ya Juvenile mpaka magoti yaliponikatalia, na sasa nasaidia kufundisha watoto jioni. Ninachokiona kinaniuma. Mtu akishaitwa kocha mkuu, siku akiondolewa hakubali tena kuwa msaidizi. Mwenzangu mmoja, fundi wa kukata pasi kuliko beki yeyote niliyecheza naye, klabu yake ilimwomba abaki asaidie. Barazani wakamwambia ameshushwa, akaacha. Leo mabeki chipukizi wa mtaa wake wanakaba kwa kujirusha miguuni mwa watu, na anayejua kuwarekebisha yuko nyumbani.

Mpwa wangu anayeishi Toronto ndiye aliyenielezea habari za Larry Robinson, beki wa Kanada katika mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mchezo huo kwetu haupo, lakini beki ni beki. Robinson alicheza Montreal Canadiens tangu msimu wa 1972/73 hadi 1989, akachukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi yao, mara 6, kisha akamalizia Los Angeles Kings mwaka 1992. Kule kazi ya beki inahesabiwa: timu ikifunga naye yumo uwanjani anaongezewa, ikifungwa anapunguziwa, ingawa bao la timu inayocheza na mpinzani aliyepungukiwa mtu kwa sababu ya adhabu halihesabiwi. Katika maisha yake ya uchezaji alibaki na ziada inayozidi 700, na mpaka leo hakuna aliyeifikia. Ingekuwapo hesabu kama hiyo uwanjani kwetu Gombani, wangejulikana mabeki wengi ambao majina yao hayakuwahi kutangazwa redioni.

Lakini mimi namheshimu zaidi kwa aliyoyafanya baada ya kustaafu. Gwiji wa namna ile alianza kama msaidizi, New Jersey Devils, mwaka 1993, chini ya Jacques Lemaire aliyewahi kucheza naye Montreal. Wakachukua kombe mwaka 1995. Akapewa ukocha mkuu wa Kings, misimu minne, mambo hayakwenda vizuri. Alipotoka huko alirudi Devils, na alirudi kuwa msaidizi! Machi 2000, zikiwa zimebaki mechi 8 ligi ya kawaida kumalizika, kocha mkuu akaondolewa, timu akakabidhiwa yeye. Kwenye nusu fainali, ambayo kule hushinda anayetangulia kufikisha ushindi wa mechi nne, walikuwa nyuma kwa mechi 3 kwa 1 mbele ya Philadelphia Flyers. Mtu huyu mpole aliingia chumbani akafoka, akarusha pipa la taka. Wakashinda tatu zilizobaki, kisha wakawafunga Dallas Stars na kubeba kombe.

Angekuwa amekaa nyumbani kulinda jina, wangempata wapi siku ile? Aliwajua wachezaji mmoja mmoja kwa sababu alikuwa nao mazoezini kila siku. Baadaye naye aliondolewa, Januari 2002, na bado akakubali kufanya kazi na klabu ileile. Akapewa tena ukocha mkuu mwaka 2005, na Desemba ya mwaka huo akauacha mwenyewe kwa ajili ya afya yake.

Makocha wenzangu, tuwaache wa barazani waseme. Na viongozi nao wasijitoe lawamani, kwani msaidizi kwetu hupewa nauli tu na kazi ya kubeba mipira, halafu kocha mkuu akifukuzwa, naye hufukuzwa pamoja naye. Kabla ya msimu ujao, msaidizi aandikiwe mkataba wake mwenyewe, wenye posho na kazi iliyotajwa, kuwafundisha mabeki ikiwa ya mwanzo, na mkataba huo usivunjike siku kocha mkuu anapoondoka.

Beki mstaafu,
Wete, Pemba.