Kicheko kinachowafunga wanachuo mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Nafundisha stadi za mawasiliano kwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Mwanza, na kuna jambo linaniumiza kila muhula.

Mwaka jana nilimkuta binti mmoja chini ya mwembe akiwaelekeza wenzake uhasibu kwa Kiswahili. Nilisimama nyuma yao nikasikiliza. Aliulizwa, akajibu, akachora safu za mizania kwenye karatasi hadi wote wakaelewa. Siku mbili baadaye ikawa zamu yake kuwasilisha darasani, kwa Kiingereza. Akateleza kwenye kitenzi kimoja, nyuma wakacheka. Alimkabidhi mwenzake karatasi, akakaa. Muhula mzima hakusimama tena.

Nilipomwita aliniambia, "Mwalimu, mimi sina kipaji cha lugha. Nimesoma shule ya kata." Binti huyu nyumbani kwao wanaongea Kisukuma, Kiswahili amekipata shuleni, na Kihaya amekiokota mtaani alipokaa kwa shangazi yake Bukoba. Lugha tatu! Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hicho ndicho kipaji chenyewe.

Miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Elaine Horwitz, alitunga dodoso la kupima wanafunzi wanaamini nini kuhusu kujifunza lugha ya kigeni. Sentensi mojawapo inasema usitamke kitu kwa lugha hiyo mpaka uweze kukitamka kwa usahihi. Niliisoma darasani nikauliza nani anakubali. Ilipanda mikono ya karibu darasa zima. Hawa hawa walipoanza shule walisema "kitabu yangu" na "mtu hii" mbele ya mwalimu, wakasahihishwa, wakaendelea kuongea, na leo Kiswahili ni chao.

Imani hiyo wameitoa kwetu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia, fizikia na jiografia zote kwa Kiingereza, lugha aliyoisoma kama somo moja tu. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, haikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliandika wazi kwamba Kiingereza cha wanafunzi wetu hakikutosha kusomea masomo mengine. Lakini mtoto akifeli baiolojia kwa sababu hakuelewa swali, tunamwita mzito. Sekondari niliyosoma mimi, mlangoni pa ofisi ya walimu paliandikwa kwamba bila Kiingereza hakuna huduma, na aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni akazunguka nacho hadi jioni. Nimekivaa. Mtu aliyelelewa hivyo atawezaje kuamini kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza?

Wapo pia wanaodhani Kiingereza ni lafudhi ya sinema za Marekani, na wanaokariri nyakati zote za vitenzi wakajaza daftari lakini hawawezi kumuuliza mkutubi kitabu kiko wapi.

Wahadhiri wenzangu, mwanafunzi anapowasilisha mwacheni amalize. Makosa ya lugha muandikieni pembeni mumpe baadaye, na anayecheka aambiwe anyamaze pale pale. Waacheni wajadili mada kwanza kwa Kiswahili mpaka waielewe, halafu waiseme kwa Kiingereza. Mimi nimeanza kuwapa dakika mbili kila wiki, kila mmoja aongee na jirani yake bila kusahihishwa na mtu. Wiki ya kwanza walikuwa wakinong'ona. Sasa nalazimika kugonga meza ili wanyamaze.

Ila semina yangu ina watu 30. Kwenye ukumbi wa watu 200 na zaidi, ambako masomo yao mengi yanafundishwa, dakika hizo hazipatikani. Naiomba menejimenti ya chuo igawe makundi hayo kabla ya muhula ujao.

Mwalimu wa chuo,
Mwanza