Pacha asiyekuwepo na tuzo ya Oscar

Mhariri,

Msomaji mwenzangu amelalamika kuwa filamu ya Adaptation (2002) haina kichwa wala miguu. Naomba kumpinga. Mimi huandika michezo ya redio, na sijaona vichekesho vilivyonivunja mbavu huku vikinichoma namna ile.

Mwandishi wa filamu Charlie Kaufman alipewa kitabu cha Susan Orlean kuhusu mwizi wa maua ya okidi, akigeuze filamu. Akakwama. Basi akajiandika mwenyewe humo: jasho linamtoka, ukurasa mtupu, anajadiliana na nafsi yake kama anywe kahawa kwanza au aandike kwanza. (Jibu ni kahawa. Huwa ni kahawa.) Akajizulia na pacha, Donald, anayeandika upuuzi mtupu na kuuuza haraka. Nicolas Cage akawaigiza wote wawili. Donald akaorodheshwa kuwa mwandishi mwenza, hata akateuliwa kuwania Oscar, mtu ambaye hajapata kuzaliwa!

Mwisho wa bunduki na mamba unaomkera msomaji ndio mzaha wenyewe. Mwanzoni Charlie anakataa katakata bunduki na magari ya kufukuzana. Mtayarishaji wangu naye huvidai hivyo hivyo, tena redioni.

Mwandishi wa michezo ya redio