Kuh: Kutumia kumbukumbu za duka langu kuwauzia wateja wangu mchele wenu

Soko la Mwanjelwa,
Mbeya.

Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni,

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nauza mchele wa Kyela na wa Mbarali, pamoja na maharage. Mauzo yangu nayaandika kwenye programu yenu tangu mawakala wenu walipopita sokoni kutuhamasisha tuachane na daftari la karatasi. Kwa hesabu ni programu nzuri: inajumlisha mauzo, inaonyesha stoo imebaki nini na nani kachukua mali kauli. Ninacholalamikia ni mnachokifanya na hayo ninayoyaandika humo.

Wiki iliyopita mama ntilie wa Kabwe, mteja wangu wa siku nyingi, alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Mnamuuzia mchele wa Kyela kilo 50, mnampelekea hadi mlangoni, kwa bei iliyo chini kidogo tu ya yangu. Yeye huchukua kilo hizo hizo kila Alhamisi. Ujumbe wenu uliingia Jumatano jioni. Hajawahi kujiunga na programu yenu wala kuwapa namba. Namba yake, kiasi anachochukua, siku yake na bei ninayomfanyia, vyote nimeviandika humo.

Mwalimu mmoja wa Uyole naye alipigiwa na mtu wa mikopo, akatajiwa deni lake kwangu lote, kisha akashawishiwa akope ili alilipe. Alidhani mimi ndiye niliyemtangaza. Hapa sokoni deni la mteja ni siri ya watu wawili, na likishavuja huyo mteja humwoni tena.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 1, 2023, inataka taarifa zilizokusanywa kwa kazi fulani zitumike kwa kazi hiyo. Mtasema nilibonyeza "Nakubali". Nilikubali kutunziwa hesabu. Mama ntilie na mwalimu hawakubonyeza chochote.

Kuna na hili la ushindani, ambalo kwangu ni zito zaidi. Jirani yangu hajui nimenunua mzigo kwa bei gani, nami sijui ya kwake. Nyinyi mnaona za soko zima, halafu mnaingia kuuza mchele ule ule. Huko Ulaya Amazon, kampuni kubwa ya biashara ya mtandaoni, ilichunguzwa kwa jambo la namna hii, na Desemba 2022 ikajifunga mbele ya Kamisheni ya Ulaya kutotumia taarifa za siri za wauzaji wa jukwaani kwake kushindana nao. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ushindani ya 2003.

Nilipotaka kuhama, huduma kwa wateja walinijibu kwamba nikiacha kulipia kifurushi sitaziona tena kumbukumbu zangu. Nikija kukaguliwa na Mamlaka ya Mapato nitaonyesha nini?

Nataka muache mara moja kuwatumia wateja wangu ujumbe, mniandikie ni nani mmewapa taarifa za madeni yao, na mnikabidhi kumbukumbu zangu zote katika faili ninaloweza kulifungua bila programu yenu. Kisha mzifute kwenu. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Tume ya Ushindani, pamoja na ule ujumbe wa Jumatano, ambao nimeutunza.

Wenu,
Mfanyabiashara wa mchele na maharage