Anza na misumari

Tegeta, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Shabani,

Salaam aleikum. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila huyu mdogo mafua hayamwachi.

Nimepata habari zako. Hongera, bwana! Madarasa mawili huko Kilosa, na wewe ndiye msimamizi. Nilidhani utaniuliza mambo ya nondo na zege, kumbe umeuliza tu uanzie wapi ili saiti iwe safi na salama. Anza na misumari.

Unakumbuka nilivyochechemea mwaka ule? Watu walisema nimeanguka. Sikuanguka. Kulikuwa na kipande cha ubao kilichovuliwa kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, kimelala njiani, msumari wa inchi nne umesimama wima. Mimi nina karai la zege kichwani na ndala miguuni, na mwenye karai kichwani haangalii chini. Msumari ulipita ndala kama siagi. Wiki tatu nyumbani bila posho, na sindano ya pepopunda nilijilipia mwenyewe.

Sasa kwangu ikifika saa 10:30 jioni kazi inasimama. Vijana wawili wanakaa na nyundo, kila ubao uliovuliwa unapita mikononi mwao. Misumari inaingia kwenye kopo la rangi, mbao zinapangwa kwa urefu. Vipande vifupi anapewa mama ntilie, lakini visiwe na msumari hata mmoja. Mwanzoni tulimpa hivyo hivyo; kuni zikaungua, misumari ikabaki kwenye majivu, majivu yakamwagwa uani, tukachomwa tena palepale.

Mafundi watanuna. Watakwambia wao si wafagiaji. Usibishane nao, shika ufagio wewe kwanza. Na hiyo nusu saa iwe ndani ya siku ya kazi, usiwaibie muda wao wa kurudi nyumbani, la sivyo watakufagilia uchafu chini ya turubai. Bosi naye akilalamika, mweleze habari ya pima maji yetu, kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta. Tuliitafuta kuanzia asubuhi hadi saa nne, mafundi sita wamekaa tu wanapiga soga, kumbe iko chini ya mifuko ya simenti.

Simenti yenyewe ipange juu ya mbao, iachane na sakafu na ukuta, isizidi mifuko kumi kwenda juu. Iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Hilo unalijua.

Nondo zinazochomoza kwenye nguzo wengi huzivisha chupa za maji. Si vibaya, zinaonekana na hazikwaruzi mtu. Lakini aliyeanguka kutoka juu chupa haimsaidii kitu. Mimi napigilia ubao juu ya ncha zake, au nazikunja kama mhandisi ameruhusu. Na wakifagia, wamwage maji kwanza. Vumbi la simenti na tofali si la kuvuta.

Kinachonitia hofu zaidi huko kwako ni wanafunzi. Shule haifungwi kwa sababu unajenga. Watakatisha kwenye saiti wakienda chooni, wengine pekupeku, na rundo la mchanga kwao ni uwanja wa michezo. Zungushia mirunda na kamba siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuchimba msingi, kisha mwombe mwalimu mkuu aseme nao mstarini. Udongo wa msingi usirundikwe ukingoni, unarudi shimoni pamoja na kingo zake, na chini pengine yumo mtu. Pipa la maji lifunikwe. Mtoto mdogo akiinama kuchota, kichwa ndicho kinachotangulia.

Halafu buti. Watakwambia bajeti haina. Wakumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwisha mwajiri mzigo wa vifaa vya kujikinga, si kibarua. Sema taratibu, wewe bado mgeni hapo. Ila mwenye ndala usimpandishe juu wala usimpe karai, hata kama ni shemeji wa mwenyekiti wa kijiji.

Niandikie unavaa namba ngapi. Nina jozi moja ya buti hapa, zimenibana tangu nizinunue, naweza kuzipakia kwenye basi la Jumatano.

Wako,
Hamisi