Mabaki ya mkonge hayaozeshwi na kimeng'enya kimoja

Ndugu Mhariri,

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kukamua majani, singa (nyuzi za kusokotea kamba) zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Wanaotaka kugeuza mabaki kuwa bayogesi hapa Tanga wasikimbilie poda ya pakiti yenye kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjavunja chakula, cha aina moja.

Selulosi iliyomo kwenye mabaki hayo ni mnyororo mrefu wa sukari usioyeyuka, na bakteria hawezi kuumeza. Humeng'enya nje ya mwili wake. Kila kimeng'enya kinachotolewa nje huundwa kikiwa na kipande cha mbele, mithili ya hati ya kusafiria, ambacho hukatwa kikishavuka utando wa seli. Huko nje endoglukanasi hukata katikati ya mnyororo, pale ulipolegea. Eksoglukanasi hudaka ncha zilizojitokeza na kumenya sukari mbilimbili, yaani selobiosi, ambayo betaglukosidasi huigawa kuwa glukosi. Selobiosi ikirundikana, wakataji wa mwanzo hudumaa.

Hata hao wakataji si wa namna moja. Bakteria Clostridium thermocellum, apendaye joto la nyuzi 60 pasipo oksijeni, ana jeni nyingi za selulasi (vimeng'enya vya kukata selulosi) na hupachika vimeng'enya vyake kwenye protini moja ya kiunzi. Bakteria mwingine, Cellulomonas fimi, huviachia huru, vingi vikiwa na sehemu ya kujinatia kwenye selulosi.

Poda ya aina moja haifui dafu, na yenyewe ni protini: huliwa ndani ya tangi. Heri taka mbichi za tumbo la ng'ombe kutoka machinjioni, zenye jamii nzima ya bakteria. Zifunikwe, zisipigwe na hewa.

Kisha kata singa zilizobaki kwenye mabaki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kuzipunguza urefu kutoka milimita 100 hadi 2 kuliongeza methani, gesi inayowaka, kwa takriban asilimia 23. Tangi libaki kwenye joto la karibu nyuzi 35, pH (kipimo cha uasidi) ikiwa 6.8 hadi 7.2. Lilishe kidogo kidogo kila siku. Ukilishindilia, asidi hupanda na vijidudu watengeneza methani ndio wa kwanza kuzimika.

Na molasi ya "kuwapa nguvu" bakteria msiweke. Bakteria wengi wakipata sukari rahisi hupunguza kutengeneza selulasi, na singa hubaki zilivyo.

Mdau wa mkonge,
Muheza, Tanga