Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya chama chetu cha wazazi wa Afrika Mashariki hapa Marekani. Mengi mnayajua. Vikao vya kamati vilifanyika, pikiniki ya watoto ilifana, wafiwa tuliwasimamia na vijana walioanza vyuo tuliwapongeza. Mahesabu kamili atayasoma mhazini. Kwa jumla, walio kwenye daftari ni 112, waliolipa ada ni 47, na mkutano wa robo ya tatu ulivunjika kwa kukosa akidi huku wengine wakiendelea kujadili ajenda kwenye WhatsApp.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugawa, yaani uamuzi wa kuhamisha nusu ya fedha za zawadi za pongezi kwenda kwenye mafunzo ya Jumamosi ya kuwaandaa vijana kuomba vyuo, na kuyafungua mafunzo hayo kwa watoto wa majirani zetu Wamarekani Weusi. Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Si kweli. Kamati ilipiga kura na kumbukumbu anazo katibu. Pendekezo lilikuwa langu, na ningelileta tena leo.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi za Chuo Kikuu cha Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, kwamba vyuo visiipe uzito rangi ya mwombaji vinapochagua wanafunzi. Wapo waliosema hayo hayatuhusu kwa kuwa watoto wetu wana alama nzuri. Angalieni matokeo ya mwaka uliofuata. Chuo cha teknolojia cha MIT, ambako wanafunzi Weusi walikuwa wastani wa asilimia 13 ya wanaoanza, walishuka hadi 5. Amherst walitoka 11 hadi 3. Ni kweli Yale walibaki 14, kwa hiyo sidai kila chuo kimefunga mlango. Lakini fomu haimuulizi mtoto kama babu yake alitoka Moshi au Mississippi kabla ya kumhesabu kuwa Mweusi.

Tena lipo deni ambalo hatupendi kulitaja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya wanafunzi Weusi katika vyuo 28 vyenye ushindani mkubwa walikuwa wahamiaji au watoto wa wahamiaji, ilhali katika vijana Weusi wote wa umri ule walikuwa asilimia 13 tu. Mlango ule wa Weusi kuingia vyuo hivyo haukufunguliwa na sisi. Uligombaniwa na watu waliotengwa kisheria katika nchi hii, na watoto wetu wakapita. Leo umebanwa, halafu tuwaambie wajukuu wa watu hao kwamba darasa ni la Waafrika Mashariki pekee? Mimi siwezi kusimama mbele yenu na kulitetea hilo.

Wanaosema tumetupa pesa hawajafika darasani. Jumamosi moja binti wa kidato cha mwisho alinionyesha insha yake. Alikuwa ameandika jinsi anavyomkalimania mama yake hospitalini, kisha akakata kwa kalamu nyekundu kila mahali aliposema yeye ni Mweusi, akidhani sasa ni kosa. Nilimsomea alichoandika Jaji Mkuu Roberts mwenyewe katika uamuzi ule: chuo hakikatazwi kuzingatia maelezo ya mwombaji kuhusu namna rangi ilivyogusa maisha yake, mradi kimpime yeye kama mtu, kwa ujasiri au uwezo aliouonyesha. Binti aliirudisha aya yote. Hayo hayamo kwenye zawadi ya bahasha.

Kinachonisikitisha ni walimu wa kujitolea. Waliojiandikisha ni 15. Wanaofika ni wanne, mimi nikiwa mmojawao, na funguo za ukumbi nabeba mimi. Vyuo kama MIT, Dartmouth na Harvard vimerudisha sharti la mtihani wa kuombea chuo, kama ule wa SAT, ambao una hisabati ndani yake, na tuna wahandisi na wahasibu humu ndani wasiotoa hata saa moja ya hisabati.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kupata ukumbi mkubwa zaidi. Tunatumaini pia kuwaandikia wabunge wa jimbo letu kuhusu upendeleo wanaopewa watoto wa wahitimu wa zamani na wafadhili. California walipitisha sheria mwaka 2024 kuuzuia hata katika vyuo binafsi. Kama rangi haipaswi kumbeba mtu, sioni kwa nini jina la baba limbebe.

Hoja ya kurudisha fedha za zawadi imo kwenye ajenda namba sita, na itapigiwa kura na waliolipa ada tu, kama katiba yetu inavyosema. Mhazini yuko meza ya mlangoni na atapokea malipo hadi ajenda namba tano itakapofungwa.

Mwenyekiti