Barua ya wazi kwa vijana wa maskani: "wataichunguza wenyewe" ndio nani?

Wanangu wa Changamwe, Likoni, Kisauni na hapa Mji wa Kale, Mombasa, asalaam aleikum.

Nawasikia kila jioni mkilalama, mara askari kafanya hivi, mara barabara ishalipiwa na haionekani, halafu mwamalizia na "wataichunguza wenyewe", yaani serikali ijichunguze. Mimi nimekaa kwenye hesabu za ofisi ya serikali mpaka nikastaafu, nawaambia mkaguzi wa ndani ambaye likizo yake na transfa yake zatiwa saini na yule yule anayemkagua, huyo jicho moja atalifumba tu. Si lazima awe mwizi, ana watoto shule. Kesi ya ngedere hakimu nyani.

Ndio maana katiba ya Kenya ya 2010 ikamtenga Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Akiingia ana miaka 8 na haongezewi, kwa hivyo hana wa kumbembeleza, na kumng'oa mpaka malalamiko yapite Bunge la Taifa halafu jopo likae limsikize, sio waziri aamke na hasira zake amfute. IPOA, mamlaka huru, nayo ikaletwa na sheria ya 2011 iwatazame polisi, maana zamani ukipigwa na askari wenda kumshtaki kwa askari mwenzake. Lakini jueni na mipaka yake, IPOA haimpeleki mtu kortini, yachunguza halafu yapendekeza kwa DPP, mkurugenzi wa mashtaka ya umma, basi mkiambiwa "kesi iko IPOA" msirudi nyumbani mkalala, ulizeni faili limefika wapi.

Na hapa ndipo mwanikera. Mwaka wa fedha waisha Juni 30, mkaguzi ana miezi 6 kutoa ripoti, ikishafika kwa bunge la kaunti wana miezi 3 kuijadili na kuchukua hatua. Nani kati yenu ashawahi kumuuliza MCA wake, yaani mjumbe wake wa bunge la kaunti, hiyo miezi 3 imekwendaje? Bei ya kila mchezaji wa Arsenal mwaijua lakini.

Msiniambie raia hawezi. Mwaka 2007 MUHURI, lile shirika la haki za binadamu, walishirikiana na watu wa Changamwe, wakazunguka na karatasi za miradi ya CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, wakilinganisha kilichoandikwa na kilichojengwa. Watu wa kawaida tu, kama nyie.

Siku hizi ni rahisi zaidi, iko sheria ya 2016 ya kupata habari, waandika kwa Kiswahili, si lazima useme wazitakia nini hizo habari, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko juu ya ofisi za serikali. Msiende kupiga kelele dirishani, karani wa pale hana kosa. Nendeni na nakala mbili, moja waachieni, ya pili wagonge muhuri wa tarehe, maana kuhesabu kwaanzia siku walopokea. Anayetaka nimtazamie barua yake aje baada ya alasiri, ila aje na jina la mradi na mwaka wake, sio "ile barabara yetu".